Mbuzi wa Zelie, Punda wa Firmin

Zelie Combarel aliuza maziwa bila chombo. Kila asubuhi aliwapitisha mbuzi wake mitaani, kengele zikilia shingoni, na mteja akitoka na bakuli lake Zelie alichuchumaa palepale kizingitini akamkamulia. Aliyetaka nusu bakuli alipata nusu bakuli. Aliyelalamika kwamba maziwa ya jana yalikuwa mepesi alioneshwa kiwele na kuambiwa, "Ongea na mwenyewe. Mimi hapa ni mkono tu."

Mji ulimjua kwa sauti hiyo. Ulikuwa mji mdogo chini ya milima ya Cévennes, kusini kwa Ufaransa, katika miaka ile ambayo ugonjwa ulikuwa umeiua mizabibu yote bondeni na wanaume walikuwa wakiondoka makundi kwa makundi kwenda Algeria kutafuta mashamba mapya. Mume wa Zelie alikwenda na kundi mojawapo. Homa ilimuua kabla hajapanda hata mche mmoja.

Lakini jambo lililomkaa Zelie moyoni lilitokea kabla ya hapo, na hilo hakumsimulia mtu. Alipokuwa msichana wa miaka ishirini, mwanawe Justin akiwa bado mchanga kabisa, alikwenda Marseille kunyonyesha mtoto wa tajiri mmoja wa sabuni. Ndiyo kazi iliyowalipa wanawake wa milimani, na wengi walikwenda. Justin aliachwa kwa bibi yake, akilishwa maziwa ya ng'ombe yaliyokorogwa na unga. Mtoto wa tajiri alinona mpaka shingo ikapotea. Justin hakumaliza vuli. Habari ililetwa na mchuuzi mmoja wa kijijini kwao, naye bibi mwenye nyumba akamshika Zelie mikono yote miwili akamsihi asilie, maana kilio kingeharibu maziwa. Zelie hakulia. Muda wake ulipokwisha alirudi nyumbani na mshahara wake, akanunua mbuzi.

Siku moja ya Novemba, alipokuwa akipita mbele ya nyumba ya watoto waliotupwa, mtawa mmoja alitoka mbio hata kilemba chake kikataka kuruka. Huyo alikuwa Sista Eufrasie, msimamizi wa chumba cha wachanga.

"Bi Zelie, simama! Hivi mbuzi wako anaweza kunyonywa na mtoto wa binadamu?"

"Mtoto wa nani?"

"Wa yeyote. Alazwe chini ya mbuzi, anyonye mwenyewe."

"Sista, jirani zangu wanaapa kwamba mbuzi wangu wananyonywa na nyoka. Mtoto wa mtu atawashinda nini?"

Sista hakucheka. Alimshika mkono akamwingiza ndani.

Chumba alichopelekwa kilikuwa mwisho wa ujia, mbali na vingine. Watoto walilala wamefungwa vitambaa, nyuso zimekunjamana kama za wazee, pua zimeziba, wakipumua kwa kukoroma. Katikati yao alisimama Daktari Sauvaire, mtu mrefu aliyeinama muda wote kama anayepita mlango mfupi.

"Hawa wamezaliwa na kaswende," daktari alisema. "Waliipata tumboni mwa mama zao. Tazama midomo yao, ina vidonda. Nikimpa mtoto huyu mama wa kumnyonyesha, mama anaambukizwa, kisha mumewe, kisha watoto wake. Siwezi kumfanyia mwanamke jambo hilo."

"Basi wapeni chupa."

"Tunawapa." Daktari alinyoosha kidole dirishani. Kule uani palikuwa na kibanda cha seremala wa nyumba, na nyundo ilikuwa ikigonga misumari kwenye jeneza dogo. "Hiyo ndiyo kazi ya chupa."

Zelie alisikiliza nyundo. Kisha akasema, "Nitaleta mbuzi wanne. Ila nitawatunza mwenyewe. Sitaki mtu mwingine awaguse viwele."

Hivyo ndivyo alivyoacha kuuza mitaani akahamia kwenye banda la nyuma ya nyumba ile. Siku za kwanza zilikuwa vita. Mbuzi mmoja alipiga teke susu ya kulaza mtoto, mwingine alikula kofia yake. Lakini Moreta, mbuzi mweusi aliyekuwa mkubwa wa kundi, alielewa upesi kuliko watu. Zelie aliweka susu juu ya meza ya chini, akamwonesha Moreta namna ya kupanda na kusimama miguu huku na huku, kiwele kikaning'inia juu ya uso wa mtoto. Baada ya siku chache hakuhitaji kuoneshwa. Mtoto aliyezoea kumnyonyesha akilia, Moreta alivuka banda lote, akiwasukuma watawa kwa pembe, akapanda mezani mwenyewe.

"Huyu anafaa kula kiapo cha utawa," Sista Eufrasie alisema.

"Hafai. Ana mchumba bondeni."

Na watoto wakaanza kushika uzima. Si wote, lakini walioshika walionekana. Mashavu yalijaa, macho yakaanza kufuata kengele za mbuzi. Daktari aliendelea kuwapaka dawa yake ya zebaki, na nyundo uani ikawa inakaa kimya siku kadhaa mfululizo. Zelie alitembea kifua mbele. Jioni, akila jikoni na watumishi supu yake ya chestnati kavu, kokwa za miti ya milimani, alikuwa akiwahesabia sifa za Moreta mpaka mpishi akamwomba basi amuoe huyo mbuzi.

Waliomshinda walikuwa wadogo kabisa, wale waliofika kitovu hakijakauka. Hao walinyonya vizuri, kisha wakatapika mabonge meupe, kisha wakaharisha, kisha wakaisha kama mshumaa kwenye upepo. Zelie alijaribu kila kitu alichokijua. Aliwabadilishia mbuzi malisho, akawapa majani ya mwaloni, akawakataza majani mabichi. Haikusaidia.

"Maziwa ya mbuzi ni mazito kwa tumbo la juzi na jana," Daktari Sauvaire alimwambia kwa upole. "Wakubwa kidogo wanayaweza. Hawa hawayawezi. Kuna hospitali huko Paris ambako wenzetu wanatumia punda. Wanasema maziwa yake yanakaribia ya mama kuliko ya mnyama mwingine."

"Punda!" Zelie alisema, akatema mate kwenye majani.

Punda walifika kabla ya Krismasi, majike wawili na watoto wao. Aliyewaleta aliitwa Firmin Aldebert, mtu mfupi wa milimani mwenye masharubu makubwa kuliko uso, ambaye siku zote alikuwa akibeba mkaa na magunia ya chestnati. Zelie alimsubiri mlangoni mwa banda, mikono kiunoni.

"Umeleta kuni?"

"Nimeleta maziwa, bibi."

"Yako wapi? Naona masikio tu."

"Yanakuja nyuma ya masikio. Huyu anaitwa Grisa, na yule Bela. Wewe unaitwa nani, au nikuite mlinzi wa mlango?"

Firmin alimkamua Grisa kidogo kwenye kikombe ili watawa waone. Zelie alikitazama kikombe. Maziwa yalikuwa meupe ya kuelekea rangi ya samawati, mepesi, unaona mpaka chini.

"Hayo si maziwa," alisema. "Hayo ni maji yaliyosuuza bakuli la maziwa."

"Ndiyo maana yanawafaa ambao tumbo lao ni dogo kuliko bakuli," Firmin alijibu, akayanywa yote, akajifuta masharubu.

Watawa walicheka. Zelie aligeuka akaingia kwa mbuzi wake ili asionekane anakaribia kucheka naye.

Kuanzia hapo banda liligawanywa kwa ubao. Upande mmoja mbuzi na watoto walioanza kukakamaa, upande wa pili punda na wachanga kabisa. Kutoka upande mmoja hadi wa pili yalivuka maneno ya kila aina. Firmin akipita na ndoo, Zelie aliuliza kama mabinti zake wameshajifunza kuimba. Punda akipiga kelele, alisema padri ameanza misa. Naye Firmin akiwaona mbuzi wamepanda juu ya hori, aliuliza kama wanatafuta akili zao huko juu. Lakini nyuma ya mzaha kila mmoja alikuwa akichungulia watoto wa mwenzake. Na Zelie, ambaye hakuwa mjinga, aliona kwamba wadogo wa upande wa pili wengi wao hawatapiki.

Mwezi wa Februari, theluji ikiwa bado imeshika barabara, mtoto wa kike aliachwa langoni ndani ya kikapu cha kuvunia zabibu. Watoto wa nyumba ile walipewa majina kwa mpangilio wa herufi, na kwa kuwa zamu ilikuwa ya B, akaitwa Blandine. Alikuwa mdogo kiasi cha kutosha kwenye mkono mmoja wa Zelie, kuanzia kiganja hadi kiwiko, na midomo yake ilikuwa na vidonda kama vya wenzake. Hakulia. Alifungua jicho moja, akamtazama Zelie kama mtu anayeuliza bei, akalifumba tena.

Siku hiyo Grisa na Bela walikuwa na watoto wa kuwatosha, na punda maziwa yake ni machache. Sista Eufrasie akasema mtoto akae kwa mbuzi mpaka nafasi ipatikane. Zelie alimpa Moreta. Yeye mwenyewe akambeba kifuani ndani ya shali yake siku nzima, akifagia naye, akila naye, akiwagombeza mbuzi kwa sauti ya chini ili asimwamshe.

Nafasi ilipatikana upesi. Mtoto mmoja aliyekuwa akinyonya kwa Bela alinenepa akahamishiwa upande wa mbuzi.

"Mlete Blandine," Sista alisema.

"Anaendelea vizuri hapa," Zelie alijibu.

"Hatapiki?"

"Kidogo tu, kama watoto wote."

Haikuwa kweli. Asubuhi ile alikuwa ametapika mara baada ya mara, na nguo zake Zelie alizifua mwenyewe kwenye maji ya barafu, nyuma ya banda, watawa wasizione. Alijiambia kesho atatulia. Kesho ikaja, na mtoto akawa mwepesi zaidi mkononi, ngozi ya mapaja imelegea. Hakuwa na nguvu ya kumvuta Moreta. Mbuzi yule alisimama juu yake kwa subira, akigeuza kichwa kutazama kuna nini huko chini, na chuchu ilidondosha maziwa pembeni mwa mdomo.

Firmin alimkuta hapo mchana, amekaa kwenye majani, mtoto kwenye shali.

"Bi Zelie, kwa Bela kuna nafasi tangu juzi."

"Sikukuuliza."

"Najua hukuniuliza." Alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Kwa mara ya kwanza hakuwa na mzaha usoni. "Mke wangu alifariki siku aliyojifungua. Kule kwetu hakuna daktari, na theluji ilikuwa imefunga njia. Sikuwa na kitu zizini isipokuwa punda, mama yake Grisa, aliyekuwa ananyonyesha. Nikamweka binti yangu pale nikisema, akifa atakufa ameshiba. Sasa ana miaka tisa, na mdomo wake unafanana na wako."

Moreta alianza kutafuna ncha ya shali, na Zelie hakumfukuza.

"Nilikwenda kumnyonyesha mtoto wa watu," alisema mwishowe. "Akanona. Wangu walimlisha unga, akafa. Na waliponiletea habari nikaambiwa nisilie, maziwa yasiharibike. Nikatii, Bwana Firmin. Nikameza kilio nikatoa titi. Leo nikikubali kwamba hata huyu siwezi kumlisha…"

"Unaweza kumlisha. Mbuzi ndiye hawezi."

"Mbuzi ndiye maziwa yangu."

"Lakini si mikono yako. Punda hajui kupanda meza kama huyu mtawa wako mweusi. Anahitaji mtu akae chini yake, amshike mtoto kwenye mapaja, amkandekande kiwele. Wale wasichana wa Sista wanamwogopa Bela, wanatetemeka, na yeye akihisi mtu anatetemeka anayabana maziwa. Njoo wewe. Wewe humwogopi hata askofu."

Zelie alisimama. Alipita kando ya ule ubao wa kugawanya banda, upande ambao alikuwa hajaukanyaga tangu Krismasi, akakaa kwenye kigoda kidogo ubavuni mwa Bela. Ubavu wa punda ulikuwa na joto na harufu ya majani makavu na vumbi. Alimlaza Blandine mapajani, akamshika kichwa kwa mkono wa kushoto, na kwa wa kulia akashika kiwele. Kilikuwa kidogo, kigumu, tofauti kabisa na viwele alivyovijua.

Hakutoka kitu.

"Kaibana," Zelie alisema. "Ananijua mimi ni adui."

"Anamtaka mtoto wake. Hatoi asipomwona." Firmin alimleta mwanapunda akamsimamisha mbele ya mama yake. Bela alimnusa masikioni, akashusha pumzi ndefu iliyotikisa ubavu mzima, na Zelie akahisi kiwele kinalegea mkononi kama ngumi inayofunguka. Tone la kwanza lilianguka kwenye mdomo wa Blandine. Mtoto alilamba. Zelie alikamua tone jingine, na jingine, mpaka midomo ile yenye vidonda ikashika yenyewe na koo likaanza kucheza.

"Anameza," alisema, kwa sauti ambayo Firmin hakuwahi kuisikia kwake. "Bwana Firmin, huyu mtoto anameza."

Hakutapika siku ile. Usiwaze kwamba alipona papo hapo. Zilipita siku za kungoja, na mara mbili Daktari Sauvaire alimwekea sikio kifuani kwa muda mrefu. Zelie alikaa ubavuni mwa Bela kila mtoto alipofungua mdomo, mgongo ukamkauka kama ubao. Moreta alilalamika upande wa pili wa banda, akapewa mvulana mnene wa kumliwaza.

Kisha asubuhi moja Zelie alitoka bandani akikimbia, ameinua nepi juu kama bendera, akavuka uani mbele ya seremala, akaingia katika chumba ambamo masista walikuwa wanakunywa kahawa.

"Tazameni! Ya manjano! Imeshikana kama haradali!"

"Bi Zelie, tunakula," Sista Eufrasie alisema. Lakini alishaacha kikombe, akaja kutazama, na masista wote wakaja kutazama, wakasimama kuizunguka nepi ile wakiisifu kama kitambaa cha harusi.

Hapo ndipo Zelie alipomkiri Sista kwamba alikuwa amemdanganya kuhusu kutapika.

"Nilijua," Sista alisema. "Nguo zilizofuliwa ulizianika kwenye dirisha langu. Ningekungoja siku moja zaidi, kisha ningekuja kumchukua kwa nguvu. Namshukuru Mungu hukuningojesha."

Wiki zilipopita, na watoto wa upande wa punda wakawa wanazidi kubaki, Zelie alimkabili daktari uani.

"Niambie, Daktari. Ndani ya yale maji ya kusuuzia bakuli kuna nini?"

"Sijui."

"Wewe ndiye uliyesoma."

"Ndiyo maana najua kwamba sijui. Nikiyapima naona mafuta yake ni machache na sukari ni nyingi, kama ya mama. Tumboni hayagandi mabonge. Lakini nadhani kuna kingine, kitu kinachomsaidia mtoto kupigana na ugonjwa, si kumshibisha tu. Siwezi kukiona wala kukipa jina. Watakuja watu watakaokiona."

"Na ya mbuzi?"

"Ya mbuzi yana chake. Usikate tamaa na Moreta."

Aprili, Blandine alianza kulia kwa njaa baada ya kunyonya, kilio cha hasira, cha mtu anayedai haki yake. Daktari alimpima, akambonyeza mapaja, akasema maziwa ya Bela hayamtoshi tena. Sasa alihitaji mafuta. Arudishwe kwa mbuzi, polepole.

"Hebu rudia hilo, Daktari," Zelie alisema. "Kwa sauti. Bwana Firmin yuko pale, sikio lake moja zito."

Firmin alivua kofia akaiinamia kambi ya mbuzi. Siku hiyo Moreta alipanda meza, akasimama juu ya susu kama mwenye nyumba aliyerudi kutoka safari, na Blandine akanyonya mpaka akalala na chuchu mdomoni. Hakutapika.

Sheria ya nyumba ilikuwa kwamba mtoto aliyepata nguvu hupelekwa kulelewa na familia milimani, kwenye hewa safi, na lazima iwe familia yenye mume, mke na shamba. Zelie aliijua sheria hiyo. Aliomba hata hivyo, akakataliwa kwa heshima. Alikuwa mjane, chumba chake kilikuwa darini juu ya ghala, na bandani walikuwa wanamhitaji. Alirudi akafagia banda lililokwisha kufagiwa.

Firmin ndiye aliyesema kwamba dada yake Honorine, aliyemlea binti yake, anataka mtoto mwingine. Honorine alishuka mjini Jumapili moja na mumewe, na Zelie akamkagua kama anayenunua mnyama. Alimtazama kucha. Alimuuliza maji anachota wapi, na kama anachemsha, na kama ana ng'ombe.

"Nina ng'ombe mmoja."

"Usimpe huyu hata tone la maziwa yake, mpaka ameota meno."

"Na atakunywa nini, bibi yangu?"

Zelie aliingia bandani akatoka na mbuzi kijana mwekundu, aliyezaa mara ya kwanza, amemfunga kamba mpya.

"Huyu. Hajui kupanda meza bado. Utamfundisha."

Alimfunga Blandine vizuri ndani ya shali yake mwenyewe, akamkabidhi. Mkokoteni ukaondoka, mbuzi mwekundu akifuata nyuma kwa malalamiko. Zelie alisimama langoni, uso mkavu, taya zimekaza. Firmin alibaki kando yake, kwa kuwa punda wake walikuwa bado wanahitajika.

"Hapa hakuna anayenyonya maziwa yako, Zelie," alisema taratibu. "Lia tu."

Naye akalia, palepale barabarani, kwa sauti ileile aliyokuwa akiuzia maziwa, mpaka watu wakafungua madirisha. Alimlilia Blandine, na alipomaliza huyo akamlilia Justin, kilio cha miaka kumi na sita. Firmin alishika kofia yake mkononi akamngoja. Kisha wakarudi ndani, kwa sababu watoto walikuwa wameanza kulia pande zote mbili za ubao.

Waliendelea na kazi ile miaka mingi. Wapo waliowatoka mikononi, na kila aliyewatoka aliwauma. Lakini walioshuka kwenye ngazi za nyumba ile wakiwa hai, wakielekea milimani, walikuwa wengi kuliko mtu yeyote mjini alivyowahi kutarajia. Baadaye zilikuja njia mpya za kuchemsha maziwa na chupa safi, na punda wakarudi kubeba chestnati. Zelie hakununa. Alisema chupa imeenda shule hatimaye. Watu walimtania kuhusu Firmin, kwamba ni lini watamwona padri, naye akajibu kwamba banda moja linawatosha, nyumba moja wangepigana.

Kila kiangazi alipanda milimani kwa Honorine. Blandine alikua taratibu, meno yalichelewa na yalipotoka yalikuwa na mapengo na kingo za kuchongoka kama msumeno, na macho yake hayakupenda jua kali, alama za ule ugonjwa aliozaliwa nao. Lakini alikimbia. Alipanda miti ya chestnati mpaka watu wazima wakapiga kelele chini.

Mwaka aliotimiza miaka saba, Zelie alimkuta uani amekaa juu ya ukuta, magoti yana vidonda vya kuanguka, anakula mkate uliopakwa mafuta ya zeituni na kitunguu saumu. Honorine alikuwa ametoka tu kukamua. Zelie alichukua bakuli lenye povu bado, akamwendea mtoto akimnyooshea.

"Kunywa, kipenzi. Ya moto moto."

Blandine alichungulia ndani ya bakuli, akaziba pua kwa vidole viwili.

"Sitaki. Yananuka mbuzi."

"Unasemaje?"

"Maziwa sinywi kabisa, mama Zelie. Hata ya punda. Aliyaleta mjomba Firmin, nikayamwaga kwa paka."

Honorine mlangoni alishika mdomo. Zelie alisimama na bakuli lake, akamtazama mtoto yule kuanzia miguu yenye vumbi hadi nywele zilizojaa majani, kisha akaanza kucheka. Alicheka mpaka maziwa yakamwagika kwenye viatu vyake, akakaa chini ya ukuta, akayanywa yaliyobaki mwenyewe, huku mtoto juu yake akimdondoshea makombo ya mkate kichwani.